Senti za Ukutani

12 Novemba

Kuna sauti haijanitoka kichwani tangu asubuhi. Kitu kidogo cha shaba kiligonga jiwe mara moja, kikaanza kuzunguka juu yake, kikazunguka kwa haraka zaidi kadiri kilivyokaribia kulala, halafu kikanyamaza. Kimya kilichofuata kilikuwa kama cha mtu aliyeingia chumbani na kusimama nyuma yangu.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha saa nzima na kukatika. Nilikuwa nachukua kuni kwenye nyumba ya zamani, ambayo sasa haina paa. Wiki mbili zilizopita baba mdogo Masunga aling'oa bati zote akaziezeka kwenye nyumba mpya ya tofali za kuchoma. Kuta akaziacha. "Nihangaike na nyundo ya nini," alisema, "mvua itazibomoa bure."

Kwenye chumba cha kusagia, chini kabisa ya ukuta, kuna jiwe la kusagia la Bibi, refu kama kitanda cha mtoto. Juu yake nilikuta senti kumi yenye tundu katikati na pembe mbili za tembo, ya mwaka 1952. Ukutani, usawa wa kifua changu, tope lilikuwa limebanduka na kuacha alama ya duara.

Nimempelekea Bibi. Bibi Nyanjige ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu, lakini vidole vyake vinaona. Alipitisha kidole kwenye tundu.

"Umeitoa au imetoka?"

"Imeanguka, Bibi. Nimeisikia."

"Umeisikia." Akakaa chini taratibu, akavua kilemba. "Basi Mabula amekufa."

Mabula alikuwa kaka mkubwa wa babu. Alikwenda kukata mkonge mwaka ule ule Bibi alipoletwa hapa kuolewa, na hakurudi.

13 Novemba

Nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, somo langu historia. Ninajitolea kufundisha sekondari ya kata hapa Nkoma huku nikisubiri ajira. Kwa hiyo leo nimekaa na Bibi na kalamu, kama tulivyofundishwa kuwahoji wazee. Alizungumza Kisukuma, ninaandika Kiswahili, ila ng'wanawane, yaani mwanangu, nimeliacha kama lilivyo.

Mila hii siyo ya Wasukuma wote, ni ya kaya hii peke yake. Ngassa, baba yake babu, alijenga nyumba hii na alikuwa na mtungo wa senti zenye tundu. Kila mtoto wa kaya aliwekewa moja kwenye ukuta wa chumba cha kusagia, mahali wanawake walipojifungulia. Senti ilikandamizwa kwenye tope bichi, ikapakwa tope jingine juu yake, ikapotea. Mtu akifia nyumbani, senti yake hutolewa, hufungwa kidoleni kwa uzi, anazikwa nayo. Akifia mbali bila habari kufika, ukuta wenyewe huiachia.

"Na mtu akiitoa yake mwenyewe?"

"Huyo hatafutwi," alisema Bibi. "Hasubiriwi. Hata chakula hawekewi."

Zimepangwa kutoka mlangoni, shubiri moja moja. Ya kwanza ilikuwa ya Mabula. Ya pili ilikuwa ya babu, ilitolewa alipozikwa. Ya tatu ni ya baba yangu, Luhaga. Ya nne ya baba mdogo Masunga. Ya tano ni yangu. Baada yangu watoto wote walizaliwa zahanati.

"Na yako wewe, Bibi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilinunuliwa kwa ng'ombe, ng'wanawane. Ng'ombe hawakai ukutani."

Niandike na hili, kwa kuwa ndilo kubwa. Baba aliondoka miaka kumi na moja iliyopita kwenda machimboni. Simu yake iliita miezi mitatu, kisha ikaacha. Mama alisubiri miaka minne, akaolewa Ipililo. Bibi hajaacha. Kila jioni anamega ugali wa baba, anaufunika kwa sahani, asubuhi anawapa kuku. Na hataki kuhamia nyumba mpya. Analala kwenye chumba cha pembeni cha nyumba ya zamani, chini ya karatasi ya nailoni niliyomfungia, kwa sababu mwanawe atarudi kwenye nyumba aliyoiacha. Ataondoka humo siku Luhaga atakapoingia mlangoni, au siku senti yake itakapoanguka.

14 Novemba

Tumemzika Mabula, senti yake tu, katika kaburi lenye ukubwa wa sufuria. Baba mdogo alicheka, lakini jembe alishika yeye.

20 Novemba

Tunapanda pamba. Kamba, shimo, mbegu tatu, kamba. Mgongo hauna kauli.

Habari ya senti imekwenda kijijini kama senti na imerudi kama rupia za Mjerumani. Shuleni mwalimu mwenzangu kaniuliza ni kweli Mjerumani alizika sanduku kwetu. Nikamwambia Mjerumani alishaondoka miaka mingi kabla ya nyumba hiyo kujengwa. "Ndiyo maana hakuna aliyeliona," akasema.

Nyuma ya zizi nimekuta shimo lililochimbwa, refu mpaka gotini.

23 Novemba

Kaburi la Mabula limefukuliwa. Nilimkuta baba mdogo sebuleni nyumba mpya na mgeni aitwaye Salvatory, mnunuzi wa sarafu za kale kutoka Bariadi, shati jeupe, viatu vimejaa tope. Senti ilikuwa mezani.

"Baba mdogo, umemfukua marehemu?"

"Nimeazima," alisema. "Mbona unaongea kama polisi?"

Salvatory alimwaga punje za mchele mezani. Alieleza, kwa sauti ya padri, kwamba rupia ya kweli inavuta mchele. Akapitisha senti juu ya punje. Moja ikanata.

"Umeona? Umeona wewe?"

"Ina unyevu," nikasema. "Imetoka ardhini leo. Hata kidole chako kikilowa kitavuta."

"Mwalimu," akaniambia bila kuniangalia, "nyie wasomi ndio mnaolala njaa juu ya mali."

Baba mdogo alitazama ile punje kama mtu anayetazama mtoto wake akisimama kwa mara ya kwanza. Wamekubaliana Salvatory arudi na sururu, abomoe ukuta mzima wa chumba cha kusagia.

Bibi hajui. Jioni alimega ugali, akaufunika.

24 Novemba

Mvua. Nimesimama mlangoni mwa kile chumba bila sababu. Nilijikuta nahesabu shubiri.

29 Novemba

Salvatory amekuja asubuhi, Bibi akiwa kisimani kwa jirani. Nilisimama mbele ya ukuta. Baba mdogo akanivuta mkono, hakunipiga, lakini alinivuta kama anavyovuta ndama.

"Minza, toka. Hii ni nyumba ya baba yangu."

"Na senti ya kaka yako imo."

"Luhaga angekuwa hai angepiga simu. Angekuwa amekufa tungeambiwa. Yupo mahali anakula maisha, sisi tunalia na ukuta."

Salvatory hakusubiri tumalize. Alipiga sururu mara moja, upande wa kulia, mbali na mlango. Ukuta ulitoa pumzi ya vumbi ingawa ulikuwa umelowa. Kisha nikaisikia tena sauti ile ile: mgongano mmoja, mzunguko, haraka, haraka zaidi, kimya.

Hakuna aliyeinama. Baba mdogo alipima kwa macho kutoka mlangoni, midomo ikihesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

"Hiyo ya nani?" Salvatory akauliza.

"Ya kwangu," alisema baba mdogo.

Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika rangi hivyo. Salvatory akanyoosha mkono kuiokota na baba mdogo akampiga kofi la mkononi, paa, kama mtoto anayegusa mboga kabla ya wageni.

"Iache! Nenda zako. Nenda, nimesema. Pikipiki yako ile pale."

"Masunga, tulikubaliana."

"Kubaliana na mchele wako!"

Bibi aliporudi nilimweleza yote. Alicheka taratibu. "Hiyo haikuanguka, imepigwa. Mwambie hatakufa leo." Nilimwambia. Hakula.

1 Desemba

Kwenye nafasi ya nne nimekuta saruji mbichi, imelainishwa vizuri kwa mwiko, kipande kikubwa kama chapati. Kaburi la Mabula nalo limefunikwa upya, na juu yake kuna kibuyu kidogo cha maziwa. Baba mdogo alinikuta natazama.

"Nilikuwa na saruji iliyobaki," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Isiharibike."

2 Desemba

Amenunua turubai. Tumeutandikia ukuta pamoja, yeye juu, mimi chini.

9 Desemba

Mvua siku ya sita. Pamba imeota vizuri kwenye mwinuko, bondeni imeoza. Bibi anakohoa.

13 Desemba

Majina ya ajira yametoka. Nimepangiwa Namtumbo, kusini kabisa mwa nchi, kuripoti kabla ya tarehe nane Januari. Nimelisoma jina langu mara nyingi kwenye simu, nikaifunika simu kifudifudi. Sijamwambia mtu. Nitamwachaje mtu anayelala chini ya nailoni?

17 Desemba

Mganga wa zahanati amemsikiliza Bibi kifua na kuniita nje. Ni nimonia inayoanza. Amempa dawa, akasema dawa haitafanya kazi kama mgonjwa analala penye maji. "Mhamisheni," alisema, kama vile hatujawahi kulifikiria.

Baba mdogo alijaribu kumbeba. Bibi, mwepesi kama mtungi mtupu, alishika nguzo ya mlango na kupiga kelele mpaka majirani wakaja. Alimwachia mwanawe alama za meno mkononi. Tumemrudisha kitandani kwake. Nailoni ilikuwa na dimbwi juu yake lililotikisika kila alipokohoa.

19 Desemba

Kila asubuhi ananiomba nimpeleke ukutani. Anaingiza mkono chini ya turubai, anapima kutoka mlangoni, shubiri, shubiri, shubiri, kisha anakandamiza kiganja kwenye tope na kusubiri.

"Yupo," anasema.

Mimi pia nimeweka kiganja leo, baada yake. Nilijiambia ni udadisi wa kitaaluma. Ukuta ulikuwa wa uvuguvugu pale, sehemu nyingine zote ni baridi. Nilijua ni kwa sababu ya mkono wa Bibi. Hata hivyo sikuutoa wangu haraka.

22 Desemba

Nimegundua kwamba silali upande wowote isipokuwa ule unaotazama nyumba ya zamani. Ninasikiliza. Nikisikia kijiko kikianguka jikoni nainuka.

Zamani nilimwona Bibi kama mtu wa mila tu, wa kuandikwa. Sasa najiuliza ni nani kati yetu wawili anayeamini zaidi. Yeye anangoja kwa utulivu. Mimi natembea na turubai na mawe ya kuligandamizia.

27 Desemba

Upepo ulikuja alfajiri na mvua ya mawe. Nilipofika, turubai lilikuwa limenasa kwenye minyaa ya zizi. Ukuta ulikuwa umevuliwa. Tope la juu lote lilikuwa limeshuka na kulala miguuni pake. Saruji ya baba mdogo bado imeng'ang'ania, imetokeza mbele kama jino. Upande wa kulia kabisa niliona ukingo wa senti yangu, mweusi. Sikuwahi kuiona kabla. Niliona haya, kama mtu aliyefunuliwa akiwa uchi.

Kisha nikatazama nafasi ya tatu.

Hapakuwa na senti. Nilitafuta kwenye jiwe, kwenye tope chini, nikapekua kwa vidole mpaka kucha zikauma. Hakuna. Nikarudi ukutani na kuangalia vizuri, kama mtu aliyesoma.

Alama ya senti ipo. Ni duara kamili, ndani yake pembe mbili za tembo zimechapwa kinyumenyume, na katikati kijiti cha tope kilichosimama pale tundu lilipokuwa. Ilikaa humo miaka mingi. Lakini pembeni mwa duara kuna mkwaruzo wa kisu, safi, ulioingia chini na kunyanyua. Na tope lililokuwa limeziba shimo, ambalo mvua ya leo ililing'oa kwa kipande kimoja, siyo la rangi ya ukuta. Ni jekundu zaidi. Nililigeuza mkononi. Upande wa nje, kabla halijafunikwa na tope la juu, mtu alikuwa amelikandamiza kwa dole gumba.

Dole hilo lina ufa katikati.

Baba alipasuliwa dole gumba na panga akipasua kuni, mimi nikiwa darasa la pili. Nilikuwa nalishika tukienda mnadani. Kidole changu kidogo kiliingia katika ule ufa kama ufunguo.

Hakufa. Au kama amekufa, siyo jambo lililotuhusu tena. Asubuhi ile aliyosema anakwenda machimboni, aliingia humu na kisu, akajitoa, akajiziba, akaja kutuaga mimi na mama na Bibi, akiwa na senti mfukoni.

Miaka kumi na moja Bibi anakandamiza kiganja kwenye shimo tupu na kusema yupo.

Nimelisaga lile tope kwenye jiwe mpaka likawa unga. Nimepaka ukuta tope jipya, nimefunika turubai.

28 Desemba

"Yupo," amesema Bibi. Nilikuwa nimemshika kiwiko.

30 Desemba

Homa. Anamwita baba kwa jina la utoto ambalo sikulijua. Alipotulia nilimuuliza, kwa njia ya mbali, ingekuwaje kama kuna mtu aliyetoa yake mwenyewe na watu wake hawakujua, wakaendelea kumsubiri.

 Maji yalidondoka kwenye nailoni.

"Mtu kama huyo asiambiwe mama yake," alisema.

1 Januari

Baba mdogo anasema tumchukue kwa nguvu hata akituuma wote. Mganga anasema amebakiza labda siku tano. Baba mdogo alilia nyuma ya trekta la jirani akidhani haonekani.

3 Januari

Nimefanya. Naandika kama ilivyokwenda.

Alfajiri niliingia chumba cha kusagia na kisu cha jikoni. Senti yangu haikutaka kutoka. Ukuta ambao umekuwa ukianguka mwezi mzima uliishika kama meno. Nilikwangua pembeni, nikaingiza ncha chini, nikanyanyua, na ilipotoka nilisikia kitu nyuma ya masikio, kama pale gari linaposhuka mlima ghafla. Nikaifumba mkononi na kwenda kumwamsha Bibi.

"Mwangaluka, Bibi."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Leo mvua imelala?"

"Manyunyu tu."

Nilimpeleka kwenye kigoda, kando ya jiwe. Alikuwa anapumua kama mtu anayevuta kamba. Nikasema nafungua turubai. Nikalifungua. Nikasimama nyuma yake, nikanyoosha mkono hadi usawa wa nafasi ya tatu, nikaachia senti.

Iligonga. Ikazunguka. Sikujua inaweza kuzunguka kwa muda mrefu hivyo. Haraka, haraka zaidi, kimya.

Bibi hakugeuka. "Ipi?"

"Ya tatu kutoka mlangoni."

Alinyoosha kiganja nikamwekea. Alipitisha kidole kwenye tundu, akaigeuza, akaikandamiza shavuni.

"Ina joto," alisema.

 Kitu kinachotoka kwenye ukuta uliolowa mwezi mzima hakiwezi kuwa na joto. Nilisikia manyunyu, nikamsikia akipumua, nikangoja aniulize. Akafumba mkono.

"Basi Luhaga amefika," alisema, kisha akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mwanamke kijana.

Baba mdogo alichimba kaburi kando ya lile la Mabula. Alinitazama mara moja, akatazama ukuta, akahesabu kwa midomo mpaka tano, akaendelea kuchimba. Mchana Bibi mwenyewe alisema abebwe. Amelala nyumba mpya, kwenye godoro kavu, chini ya bati zile zile.

Jioni aliomba chakula, kidogo. Halafu akamega ugali, akauweka pembeni, akaufunika kwa sahani.

"Bibi," nikasema, na sauti yangu ilitoka vibaya, "huo wa nani tena?"

"Wa huyo anayeondoka."

Habari za Namtumbo sijamwambia mtu yeyote.

"Si ulisema aliyeitoa mwenyewe hawekewi chakula?"

"Hiyo ilikuwa sheria ya Ngassa," alisema, akigeukia ukutani. "Mimi nilikuja na ng'ombe."

5 Januari, stendi, Shinyanga

Homa yake ilishuka jana. Mganga alisikiliza kifua mara mbili, akasema kifua kinafunguka.

Leo asubuhi niliufunua ule ugali, nikaula wote, baridi, nimesimama, nikaosha sahani na kuipindua. Kisha nikapita nyumba ya zamani. Turubai halipo tena, baba mdogo analitumia kuanikia michembe ya viazi. Nilichota tope, nikachanganya na majivu kidogo ili lishike, nikaziba mahali pangu, nikakandamiza kwa dole gumba, nikaja kupanda gari.